Neno Nililolipeleka Kwenye Duka la Dawa

Karatasi ikilala miaka katika unyevu wa ziwa hutoa harufu ya unga wa muhogo uliochacha. Kamusi ya Kiingereza ya baba ilinuka hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Furaha alikufa kwa homa, tukamzika, wageni wa matanga wakabeba masufuria yao wakaenda. Mama hakuinuka. Alibaki kwenye godoro la kilio pale sebuleni, uso ukutani, hali, hasemi. Hata uji niliompikia, wenye madonge kweli, uliganda kando yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema majirani, kisha wakaanza kunong'ona kwamba sasa inatosha.

Jioni moja baba alitembelewa na mwalimu mwenzake. Wote wawili walifundisha Kiingereza, na mambo ya kumficha mama, baba aliyasema kwa lugha hiyo. Alielekeza kidevu kwenye godoro, akasema: lackadaisical. Msinicheke, niliamini ndilo jina la ugonjwa unaomuua mama. Kesho yake nilitoroka shule, nikakimbia hadi Nyawera, mtaa wa maduka, nikauliza dawa yake katika maduka matatu. Wawili walinifukuza. Wa tatu, mama mtu mzima, alinishika bega.

"Hiyo dawa siijue, mutoto wangu. Enda uulize papa yako."

Nilirudi nikilia, nikamuuliza baba mbele ya mama atapona vipi lackadaisical ikiwa Nyawera nzima haina dawa. Mama akageuza uso, mara ya kwanza kwa siku nyingi, akauliza ni nini hiyo. Baba angeweza kudanganya. Alisema polepole kwamba ni mtu mvivu, asiyejali kitu. Kisha akaishusha kamusi, akatafuta asili ya neno, akatueleza: zamani Waingereza waliofikwa na msiba walilia "ole wa siku hii", waliolia hivyo kutwa wakachekwa, na kilio chao kikageuzwa jina la wazembe.

"Sasa umuambie mwalimu mwenzako vile," mama alisema. "Umuambie niko nalia."

Hakuinuka siku hiyo, wala juma lile. Nami nilimchukia baba kwa miezi. Ukubwani ndipo nilipokumbuka kwamba siku ya tatu baada ya mazishi alirudi darasani, shati limepigwa pasi, na kwamba Furaha alikuwa mwanawe pia. Pale nyumbani hakuna hata mmoja wetu aliyempa pole.