Nilimkataa aliyekiri kunywa, nikamkubali aliyenukia karafuu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba. Darasa la tatu ndiyo mwisho wangu, mkiona makosa nistahimilieni. Ila maneno yenyewe ni kweli tupu.

Tulikuwa watatu mezani, hotelini Uroa. Mimi, mjukuu wangu Sabra aliyezaliwa na mwanangu Maryam, na Nassor Khamis wa Amani aliyetaka kumuoa.

Kwetu msichana haendi kuonana na mwanamume peke yake. Basi hiyo munayoiita deti, na mimi nilikuwemo.

Mhudumu, Juma jina lake, akamuuliza Nassor huku anacheka, "Kaka, leo soda? Bia yako ya siku zote huitaki?"

Nikamgeukia Nassor. "Unakunywa?"

"Nakunywa, Bibi. Si kila siku, na nnataka kuacha. Bora ulijue kwangu kuliko kwa watu."

Nikasimama. Samaki hata hatujamgusa.

Ndani ya gari Sabra analia. "Bibi, si kakwambia kweli?"

"Kweli ya mlevi nikaipike?"

Mwezi haukupita, akaja Hafidh Suleiman nyumbani kwetu Malindi, hapa Unguja mjini, na shangazi yake Bi Zuwena. Kanzu imefukizwa udi, mdomo unanukia karafuu. Soda kaikataa, kaomba maji.

Nikamwambia Sabra, "Huyu ndiye aliyelelewa."

"Ukiridhia wewe, Bibi." Tukawaozesha.

Hapa nisitirini wakuu. Marehemu mume wangu, Haji Makame, miaka kumi na nane alitafuna karafuu ili nisisikie pombe. Majina ya wote waliokuja harusini kwangu nnayo mpaka leo, lakini hilo nililisukuma nyuma, kwa kuwa nilimtaka mkwe.

Sabra alirudi Alkhamisi mchana na begi lake, mkono umevimba. Hafidh anakunywa chumbani, mlango kaufunga, na akiulizwa anapiga.

"Hata siku moja hajakiri, Bibi."

Nassor keshaoa. Nasikia na pombe kaacha.

Sabra hanilaumu. Ananipikia uji, anaupoza, ananiambia kula Bibi. Bora angenitukana.

Sisemi pombe ni halali, haramu ni haramu. Ila mimi nilimpima mtu kwa gilasi, ulimi wake sikuupima. Wenye wajukuu, nyinyi mungefanyaje?

Na wewe Juma wa Uroa, kama umo humu, nilipokosea nisahihishe. Nassor alikuwa bado anazungumza nilipoondoka. Aliyeyasikia yaliyobaki aniambie.