Dada Kiberiti Anatafuta Wakili

Dada yangu tulimwita Kiberiti, na si kwa hasira peke yake. Mteja aliyeingia dukani kwetu kuuliza bei tu, alimwasha mpaka akatoka na jora zima. Shule hana ya kutaja. Biashara alinifundisha kwa neno moja: zunguka kwanza. Tukifuata vitambaa vya jumla, yeye alishika upande huu wa mtaa, mimi ule, halafu tunakutana kwenye ngazi za benki kulinganisha. "Huyu bei nzuri, rangi inachuja." "Yule rangi nzuri, mdomo mchafu." Tulicheka kuliko tulivyonunua.

Sasa anataka tuuze duka letu, jengo na vilivyomo. Mimi sitaki. Tumenuniana mwaka mzima, na maneno yalipotuishia ikabaki kesi.

Kesi ya jengo si ya wakili wa chumba kimoja. Nikaenda mahakamani, nikakaa viti vya nyuma kuwapima mawakili wa kampuni tatu kubwa za mjini. Wa kwanza wana sauti. Humkaanga shahidi mpaka asahau jina la mamake, ila jaji akiuliza hati wanapekuapekua. Wa pili ni mabingwa wa kuahirisha. Wa tatu hawana mbwembwe. Mama mmoja mnene wa miwani husimama, hutaja ukurasa, huketi. Na kesi huondoka naye.

Nikaenda kwa mama wa miwani. Dada wa mapokezi akachukua jina langu na la mpinzani wangu, akaingia ndani, akarudi.

"Samahani, mama. Upande wa pili ulishatueleza habari zake. Sheria haituruhusu kukusikiliza na wewe."

Kwa wenye sauti, vivyo hivyo. Kwa waahirishaji, vivyo hivyo. Kiberiti alishawapitia wote, akanifungia milango.

Nilicheka peke yangu ndani ya lifti. Nikampigia.

"Umezunguka kote, wewe."

"Salamu umeuza?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimezunguka. Na wewe umechelewa, kawaida yako."

"Umechukua wapi?"

"Bado napima. Wale wenye sauti wamenivutia."

"Wale debe tupu. Wakiulizwa karatasi, utadhani wamepoteza funguo."

Akacheka. Mwaka mzima sikuwa nimekisikia kile kicheko. "Na waahirishaji?"

"Hao watatuzeesha sote wawili."

"Kwa hiyo?"

Hapo mfanyabiashara hunyamaza, au husifu bidhaa mbovu. Nilijua kabisa kwamba nikisema kweli namnolea kisu cha kunichinjia. Lakini ningenyamaza, simu ingekatika.

"Mama wa miwani," nikasema. "Hana mpinzani."

"Hata mimi moyo ulikuwa huko," akasema, na tukaendelea kuwachambua mpaka sikio likashika moto. Duka hakuna aliyeligusa.

Wiki iliyofuata hati ya wito wa mahakama ikaletwa dukani, ikiwa na muhuri wa kampuni ya mama wa miwani.

Nimepata wakili wa kampuni ndogo, hodari kiasi. Aliponieleza kila kitu akauliza kama nina swali. Nikamuuliza kama siku ya kesi mimi na dada tutakaa pamoja.

"Ndani, hapana," akasema. "Nje, mkisubiri kuitwa, benchi ni moja."

Nimepanga kuwahi.