Bangili ya Shangazi Mnadani
Nilipoacha ualimu nilianza kukusanya vitu vya zamani: mabirika ya shaba, visu, viti vya miguu mitatu. Hapa Kasongo tulikuwa wachache wenye ugonjwa huo, na dalali mmoja tu ndiye aliyetufanyia mnada, uani kwake, kila Jumamosi mchana. Alikuwa mtu mpole. Aliuliza habari za watoto, akatupatia chai. Swali moja tu hakulipenda: kitu kimetoka wapi.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "kitu kizee hakina baba. Nunua tu."

Nilinunua, sikuuliza.

Jumamosi moja akatoa bangili ya shaba nyekundu, nzito, yenye ufa uliofungwa kwa waya. Waya ule niliufunga mimi, kule Wamaza, asubuhi tuliyomzika shangazi aliyenilea. Tulimzika nayo mkononi.

Dalali alipotaja bei nikainua mkono.

"Kule nyuma wameongeza," akasema, akitazama juu ya kichwa changu.

Nikaongeza. Nyuma nako wakaongeza. Mara ya nne nikageuka. Palikuwa na ukuta wa matofali na baiskeli mbili, basi. Wanunuzi wenzangu wote walikuwa wameketi kando yangu, macho kwenye glasi za chai. Walikuwa wanajua. Nadhani hata mimi nilijua miaka yote, ila sikuwahi kugeuka.

"Papa, nani anaongeza?" nilimwuliza dalali.

"Mutu iko," alijibu kwa upole uleule. "Mwalimu, unaongeza ao unaacha?"

Nikaacha. Akapiga meza, akatangaza imeuzwa.

Watu walipotawanyika alinifuata mlangoni. "Yule mutu ameshindwa kulipa. Chukua kwa bei yako." Nikalipa. Akaniinamia sikioni. "Na ya mkono wa pili iko. Nikuletee?"

Sikuwa nimemwambia yeyote kwamba zilikuwa mbili.

Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Wamaza. Dada, binti wa shangazi, alinipeleka makaburini. Msalaba ulikuwa umesimama sawasawa, maua ya plastiki yamepangwa vizuri. Lakini udongo ulikuwa laini, na mguu wangu ulizama hadi kifundo.

"Nani alijua alizikwa na shaba?" nilimwuliza.

"Tulifunga mlango tulipomvalisha, kaka. Ndani mulikuwa watu wa nyumba tu."

Alitaja majina yao mmoja mmoja, polepole. Alipofika kwa wanawe aliacha kutaja, akainama kupanga maua upya.

Nilipeleka habari kwa chifu wa eneo, naye akamwita dalali. Dalali akasema alinunua kwa mpita njia, na mambo yakaishia hapo. Bangili ya pili hatukuiona tena.

Ile moja tuliirudisha ardhini, mimi na dada peke yetu, mbali na kaburi. Wanawe walipouliza tumetoka wapi, dada aliwaambia tulikwenda kutafuta kuni.