Sidii ya Kabatini

Miaka ile ya dhiki, sabuni ilipokuwa ikipatikana kwa foleni na kwa kujuana, nilimtuma mume wangu mjini akanitafutie mche mmoja wa sabuni ya kufulia. Alirudi jioni anatabasamu, mkono mfukoni. Nikajua hakuna sabuni. Akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua polepole kama anayefungua hirizi. Ndani mlikuwa na sindano ya gramafoni.

"Unajua hizi zimeadimika kiasi gani?" akaniuliza.

"Ninachojua mimi ni namna sabuni ilivyoadimika," nikamjibu. "Haya, zifulie hizo shuka kwa sindano."

Tulikuwa tukikaa Tanga, mtaa wa Nguvumali. Yeye alikuwa karani bandarini, mimi nikishona nguo barazani kwa cherehani ya miguu. Alikuwa mtu mpole, hanywi, havuti, hagombani na jirani. Ugonjwa wake ulikuwa huo mmoja tu, muziki wa zamani. Santuri zake zilijaa chini ya kitanda chetu, zimeviringishwa katika vipande vya kanga zangu kuukuu, na mara nyingine kanga zenyewe hazikuwa kuukuu. Betri za redio zilipotoweka madukani, zile zilizokwisha alizianika juani juu ya bati ili zipate uhai kidogo, na ole wake atakayezigusa. Mvua ikinyesha nimetoka, nilikuta nguo zimeloa kwenye kamba na betri ziko ndani, zimefunikwa taulo.

Nilivumilia kwa sababu nilijua anatafuta nini. Kwao ni Pemba, na baba yake alikuwa mpiga fidla katika kikundi cha taarabu kule. Mzee huyo alifariki wakati mume wangu bado ni mtoto mdogo. Wazee wote walisema kikundi kile kiliwahi kurekodiwa na wageni waliokuja na mashine zao, lakini santuri yenyewe hakuna aliyewahi kuitia mkononi. Kwa hiyo kila santuri aliyoinunua, aliyoibadilisha au aliyoiomba kwa watu, alikuwa anamtafuta baba yake. Ukiwa na mume wa namna hiyo, utamgombeza vipi kwa roho safi?

Kisha biashara zikafunguliwa. Maduka ya Tanga yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu mpaka vikamwagika njiani. Sabuni za kila rangi, betri kwa katoni, na maredio kutoka Dubai yenye spika kubwa na taa zinazocheza. Mume wangu akanunua moja lenye mlango wa kaseti mbili na, juu yake, kifuniko cha kuchezea CD, ambazo sisi tulizoea kuziita sidii. Sidii yenyewe hatukuwa nayo hata moja. Nilipomuuliza kifuniko kile tutakitumia kwa kazi gani, alisema, "Dunia inakwenda huko."

Dunia ilikwenda huko na sisi tukabaki na mgao wa umeme. Umeme ukirudi, ulirudi kwa nguvu ya kuunguza, ikabidi tununue stabilaiza, sanduku zito linalonguruma kama paka mwenye kifua. Rimoti ilikuja na maelezo ya lugha nne, hata moja tusiyoijua ilikuwamo mara mbili, Kiswahili hakimo. Nikibonyeza kitufe cha kupunguza sauti, redio inahamia stesheni nyingine. Nikibonyeza cha kuzima, saa inaanza kuwakawaka na haiachi. Mwisho nikawa nazima ukutani, na yeye akinikuta nimezima ukutani ananiangalia kama nimempiga mtoto.

Wakati huo alikuwa na rafiki wa ugonjwa mmoja, mtu wa Pangani aliyekuwa akisimamia nyumba za wageni kule Ushongo. Kila alipokuja Tanga kununua mahitaji alifikia kwetu, wakakaa sebuleni kusikiliza, mmoja akisema wimbo huu ni wa kikundi fulani, mwingine akikana, chai yangu ikipoa. Hawa wawili walizoeana na Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza vyura kule msitu wa Amani. Alipenda taarabu, nao wakamrekodia kaseti nyingi na kumweleza nani aliimba nini. Aliporudi kutoka likizo kwao, aliwaletea zawadi. Kampuni moja ya huko imekusanya nyimbo za zamani za pwani hii na visiwani, imezitoa kwenye sidii, toleo maalumu, nakala chache tu, kila moja imepigwa namba yake. Aliwapa moja moja.

Mume wangu aligeuza kasha, akasoma nyuma. Kikundi cha baba yake kilikuwamo, wimbo wa saba.

Nilidhani ataichana plastiki ya kasha kwa meno. Nikaenda kuwasha stabilaiza mwenyewe. Niliporudi, nilimkuta ameiweka kwenye kabati la vioo, kati ya birika la kaure na sahani za harusi yetu.

"Huisikilizi?"

"Mzungu anasema ikifunguliwa thamani yake inashuka."

"Kwani unaiuza?"

"Siiuzi hata siku moja."

"Basi thamani ishuke iende wapi?"

Akafunga mlango wa kabati. Rafiki yake wa Ushongo alikuwa ameshaifungua ya kwake pale pale, na plastiki yake iko chini kwenye zulia langu. Aliipiga mara mbili nyumbani kwake, sio kwetu, kwa sababu mume wangu alikataa isipigwe mbele yake. "Nitaisikiliza ya kwangu, siku yangu," alisema. Yule alipokuja tena wakagombana, watu wazima wenye mvi. Rafiki akamwambia, "Wewe unafuga muziki kama kuku wa mayai, na mayai huli." Mume wangu akamwita mharibifu, mtu anayeshika sidii kwa vidole vya samaki. Yule akachukua kofia yake akaondoka, na safari zake za Tanga zikaanza kupita mbali na mlango wetu.

Sidii ikakaa kabatini. Nikaipangusa vumbi kila Ijumaa. Mgeni akija anaonyeshwa, anaambiwa, "Marehemu baba yumo humu," mgeni anasema mashallah, anangoja isikike kitu, anahudumiwa soda. Nami nikiuma meno. Miaka yote tumelala juu ya santuri, tumekosa sabuni, tumefunika betri kwa taulo, leo mzee kaja mwenyewe mpaka nyumbani, naye kafungiwa na vyombo! Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikanuna. Akawa anasema, "Ngoja umeme utulie." Umeme wa Tanga.

Mama yake ndiye aliyetutoa hapo. Alikuja kutoka Pemba kutibiwa mtoto wa jicho. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kicheko cha ghafla. Alipopasuliwa jicho na kitambaa kikaondolewa, akawa anazunguka nyumba akitazama kila kitu kwa karibu, kama aliyekuja kununua. Akafika kwenye kabati.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki kisahani cha plastiki kinafanya nini na kaure?"

"Samahani mama, muulize mwanao," nikasema. Nilikuwa nimechoka kumsemea.

Mwanawe akamweleza. Mama akaketi.

"Baba yako yumo humo? Anapiga?"

"Yumo, mama. Wimbo wa saba."

"Na tangu lini uko naye?"

Mume wangu akanitazama nimsaidie. Nikatazama cherehani.

"Nifungulie nimsikie," mama akasema.

"Mama, hii ni nakala maalumu, ikifunguliwa..."

"Kwani unamwekea nani? Mimi ndiye niliyeolewa naye."

Ndipo mume wangu akasema jambo ambalo mimi, mkewe, sikuwahi kulisikia. Alisema kwa sauti ndogo, anatazama mikono yake. "Mama, mimi sikumbuki alivyokuwa akipiga. Nikifungua nikasikiliza, na nisimjue je?"

Hasira yangu yote ikanitoka, nikabaki sina pa kuiweka. Mama hakumhurumia. "Mimi nitakuonyesha," akasema. "Lete kisu."

Mume wangu hakuleta kisu, alileta wembe mpya, akaipasua plastiki pembeni kama daktari, akaikunja akaihifadhi mfukoni. Umeme ulikuwapo, ajabu. Akaiweka sidii, akabonyeza rimoti mpaka ikaandika saba. Sote tukasogea karibu.

Kikatoka kinanda cha kuvuta. Kisha wanaume wakaanza kuimba kwa lugha ya huko Ulaya, wanagonga miguu sakafuni na kupiga mluzi, kama walevi kwenye harusi.

Akabonyeza tena. Nane, kinanda. Sita, kinanda. Moja, mwanamke analia juu ya kinanda. Akaitoa sidii, akaipangusa, akairudisha. Akaituhumu rimoti, akaituhumu stabilaiza, akaniuliza mimi kama nimeigusa. Kasha lilikuwa sahihi, karatasi sahihi, namba sahihi. Sidii ya ndani kiwanda kiliweka ya watu wengine. Na Mzungu wa vyura alikuwa ameshamaliza kazi yake, amerudi kwao, hatujui hata mji.

Mama aliusikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kwa adabu. "Baba yako," akasema, "hakuwa na kinanda hiki." Kisha akacheka mpaka akashika jicho lake, nami nikacheka, na Mungu anisamehe, kwa sababu mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, mikono magotini.

"Ungeifungua siku ile ile," nikamwambia, "Mzungu angekuwapo akatubadilishia."

"Najua," akasema. Hilo tu.

Nikamwambia iliyobaki ni kwenda Ushongo. Akasema haendi kumpigia magoti mtu yule. Mama akasema yeye hakuwa na ugomvi na mtu wa Ushongo, kwa hiyo yeye anakwenda, na mkwe wake atamsindikiza, na asiyetaka abaki na kinanda chake. Asubuhi yake tukamkuta mume wangu mlangoni, amevaa kanzu, amebeba kikapu cha mama.

Tulifika Pangani, tukavuka mto kwa pantoni, tukapata gari la mizigo mpaka Ushongo. Rafiki yake alikuwa uani anapanga viti vya wageni. Alimwona mama kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye vidole vya samaki?"

Yule bwana akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama upande tulikoiacha pantoni. Nikaeleza mimi, tangu wembe mpaka kinanda, kwani wao wangezunguka mpaka magharibi. Nilitegemea atacheka. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Pole, ndugu yangu. Pole sana." Cheko lake lilikuja baadaye, nyuma ya jiko, nililisikia.

Umeme kule haukuwa umefika. Kulikuwa na jenereta la wageni, nalo halikuwaka mpaka limepigwa teke na kuombewa dua. Sidii yake ilikuwa na mikwaruzo kama kibao cha mbuzi. Wimbo wa kwanza ulikwama, wa tatu ukaruka. Nikaona mume wangu anafumba mdomo kwa nguvu asiseme neno juu ya utunzaji, nami nikamfinya mkono asilitoe.

Wa saba ukaanza. Ngoma kwanza, halafu udi, halafu fidla ikaingia juu yao, nyembamba. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumjua, nilimwona hakumjua, ana uso wa mtu anayeonyeshwa picha ya umati aambiwe amtafute nduguye.

Mama akanyoosha kidole. "Sikiliza hapa. Sasa hivi. Hapa!"

Fidla ikateleza, ikagusa sauti isiyokuwa yake, ikajirudi haraka.

"Amekosea!" mama akapiga kelele kwa furaha. "Kila siku anakosea hapo hapo. Nilimwambia chumbani, nilimwambia jikoni, bwana wewe unaharakisha kidole. Ananiambia wewe unajua nini. Kaenda kukosea mbele ya Wazungu!" Alicheka, kisha kicheko kikageuka, akavuta ukaya wake wa kichwani mpaka usoni. Mwanawe akasogea akakaa karibu naye mkekani. Akaomba wimbo urudishwe, nao ukarudishwa, na mara ya pili aliposikia lile kosa linakaribia aliinua kidole mwenyewe, kabla ya mama.

Mara ya nne jenereta likazimika, limeishiwa mafuta. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anaoga.

Rafiki yake alimrekodia mama wimbo ule kwenye kaseti, pande zote mbili, uleule mmoja mwanzo mpaka mwisho, na mama akarudi nao Pemba. Wale wawili wakarudia urafiki wao, na ubishi wao, na chai yangu ikarudia kupoa.

Ile sidii ya vinanda nilitaka kuwapa majirani wafukuzie ndege shambani. Mume wangu akaninyang'anya. Alikuwa amefikiri, akasema. Kasha la taarabu lenye muziki wa Ulaya ndani, kosa la kiwandani, huenda duniani kote liko hilo moja tu. Alitaka kujua kama bado nina ile plastiki iliyomdondoka mfukoni siku nilipofua suruali yake.

Nilimwambia nimeitupa. Hakusema nami mpaka Jumapili.