Hakuambiwa Tunakohamia

Bibi alikuwa na hadithi moja ya dada wawili. Mkubwa alimezwa na bwawa la mtoni, lakini jioni mdogo wake akimwita, alitoka, akasaga ulezi, kisha akarudi majini. Sharti lilikuwa moja tu: mdogo asihame bila kumwambia.

Dada yangu hakumezwa na bwawa. Alikufa kwa surua, akazikwa uani kwetu, huko Kemambo. Lakini baada ya matanga, jioni tukiwa nje tunakamua, tulisikia jiwe la kusagia likifanya kazi ndani ya nyumba isiyo na mtu. Mimi si mtu wa mashetani, msinicheke. Nasema nilichosikia. Bibi alikuwa akiacha ulezi kidogo juu ya jiwe, tukiingia tunakuta unga. Nilikuwa nafurahi, basi.

Baba hakutaka hata kusikia. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa ilipokuja, yeye ndiye aliyepita akiwahimiza wenzake. Bibi akamwambia aliyelala uani lazima aambiwe tunakwenda wapi, ndiyo desturi yetu.

"Mama, hayo ni ya kizamani. Lori linasubiri."

Tukapakia kuku, vitanda, jiwe lenyewe, tukaondoka kama wezi.

Kule kijijini nyumba zilipangwa mistari, zote sawasawa, loo, hata mbuzi walikuwa wanaingia kwa jirani. Jiwe likakaa kimya. Ulezi wa bibi ukaliwa na panya. Niliumia sana. Dada alikuwa amebaki peke yake, akidhani tumemtupa.

Siku moja nikadanganya kwamba nakwenda kutafuta kuni, nikarudi kwetu. Paa lilikuwa limeshang'olewa. Nikachuchumaa kaburini, nikamweleza njia yote: vuka kijito, fuata barabara ya lori, pita shule, pita kisima. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Niliporudi, baba alikuwa amesimama mlangoni. Nikajua leo ni fimbo. Aliitazama miguu yangu, ilivyojaa vumbi.

"Umetoka kwa dada yako?"

"Ndiyo, baba."

Akageuka kuutazama ule mstari wa nyumba, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akashusha sauti, majirani wasije wakamsikia balozi wao.

"Umemwambia yetu ni ya ngapi?"