Nyuma Geuka Dukani kwa Hajati

Leo nimefukuzwa paredi, na nilishastaafu jeshi!

Sikilizeni. Sakafu ya gari langu imeliwa na kutu, nikasema nitaichomelea mwenyewe nyumbani. Nikaenda kwa Hajati mmoja anayeuza mashine za kuchomelea pale Nalufenya.

Nikaionyeshea kidole ile kubwa kuliko zote. (Mnanijua.)

"Bati la gari ni jembamba, Afande. Hiyo itakutobolea matundu tu. Chukua hii ndogo."

Sawa. Nikaongeza kofia yenye kioo cheusi na glavu za ngozi. Nikatoa pesa.

Hajati hapokei!

Ananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ananizunguka.

"Utalala chini ya gari na jezi hiyo ya nailoni? Na slipasi?"

"Hajati, mimi nimekaa jeshini miaka ishirini."

Akapandisha mkono wa gauni lake. Makovu madogo madogo, mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi pia nilivaa nailoni. Cheche hazipigi saluti, Afande. Rudi ukavae buti."

Mbele ya wateja wote! Na miguu yangu, bila kuniuliza, ikapiga nyuma geuka.

Nimerudi na buti na shati zito la pamba. Akanikagua tena, ndipo akapokea pesa.

Makuruta wangu wa zamani, nyie niliokuwa nawarudisha bwenini kwa sababu ya kamba moja tu ya kiatu iliyolegea, najua mnasoma hapa.

Chekeni mara moja. Halafu mnyamaze.