Mgawa Maji Hulima Mkiani

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu alifariki, nami nikaiaga shule. Nilikuwa darasa la pili. Nikapanda kwenda Oldeani kuchuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi, nikalala kambini na watu wa Singida, wa Dodoma na wa kwetu Mbulu, na kwa miaka mingi jina langu lilikuwa "wewe". Nimeanzia hapo ili ujue anayekusemesha si msomi. Haya mimi natamka, mjukuu wangu Veronika anaandika. Lakini mkono uliopasuka nao una darasa lake, mwanangu, na ada yake ni kubwa kuliko ya chuo chako.

Nasema na wewe uliyepata ajira ya serikali, uwe mtendaji, afisa kilimo au karani wa halmashauri. Huyu Veronika amepangiwa utendaji wa kijiji huko bondeni. Hata kiti hajakizoea, wakamjia watu wawili na fulana ya chama iliyokunjwa vizuri. "Dada mtendaji, hii ni saizi yako kabisa. Vaa tu Jumamosi mkutanoni, si kitu." Akanipigia simu. "Babu, nivae? Nisipovaa watasema mimi ni wa upande ule, wanihamishe." Nikamwambia apande gari aje nyumbani, kwa sababu jambo hilo haliishi kwenye simu. (Ananitazama vibaya kwa kuwa nimemtaja. Andika, mama, usiruke.)

Alipofika nilimsimulia hili ninalokusimulia.

Nilitoka Oldeani nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nikashuka bonde la Eyasi, upande wa Baray, ambako chemchemi hutoa maji na mtu asiye na kitu aliweza kuomba kipande akapanda vitunguu. Huko maji ndiyo serikali. Tulikuwa na mfereji mmoja, kutoka banioni maji yanapoingilia hadi mkiani yanapoishia, na kila shamba lilikuwa na zamu yake, tukiipima kwa kivuli cha mti uliochimbiwa ardhini. Mgawaji alikuwa Mzee Lohay, Mwiraqw wa maneno machache, aliyewahi kuwa tarishi kwenye boma la Mwingereza kule Mbulu. Wakulima ndio waliomchagua, na desturi haikuwa na mjadala: shamba la mgawa maji liwe la mwisho kabisa, mkiani. Maji yakiibiwa juu, wa kwanza kukaukiwa ni yeye. Hakuna mlinzi anayelala usingizi mwepesi kuliko mtu huyo.

Magoti yalipoanza kumsumbua, mzee alinichagua nishike kazi badala yake. Kipande changu kilikuwa juu, jirani na banio. Akasema nitahamia mkiani siku atakaponikabidhi rasmi. Nikajibu ndiyo, mzee, huku moyoni nikiomba siku hiyo ichelewe.

Ukafika uchaguzi. Wakati ule chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea ubunge walikuwa wawili, na kwa kuwa wengi hatukujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Mimi nilikuwa wa jembe hadi kwenye mfupa. Mgombea yule alinishika mkono mnadani akaniita "kijana shupavu". Kwa mtu aliyekulia kambini akiitwa "wewe", neno kama hilo ni chakula.

Basi kila asubuhi nilipita mfereji mzima, jembe langu la kazi begani, namfungulia huyu namfungia yule, na wimbo wa kampeni mdomoni kwa sauti yangu yote. Wenzangu wa jembe wananipigia makofi kutoka kwenye majaruba yao. Najiona mkubwa! Na hapa sikiliza vizuri, mwanangu: sikumpunja mtu. Wa jembe alipata kivuli chake, wa nyumba akapata kivuli chake.

Alikuwepo Mama Mwajuma, mjane wa Kinyaturu kutoka Singida, shamba lake linapakana na la Mzee Lohay kule chini. Yeye alikuwa wa nyumba na hakumficha mtu. Siku ya zamu yake maji yakalowesha majaruba mawili, yakakata. Fuko alikuwa ametoboa ukingo katikati ya njia, maji yanaishia kwenye matete. Mimi sikujua. Nilishtukia mama amesimama mbele yangu na watu nyuma yake.

"Safari," akaniita, "hayo maji ya jembe wapelekee wenye jembe."

"Mama, nimekufungulia zamu nzima."

"Na wimbo je, ulikuwa unamfungulia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nikawapeleka hadi kwenye tundu la fuko, nikalionesha, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Bwana mmoja wa upande wa nyumba akachungulia, akatikisa kichwa. "Siku hizi hata fuko ni wa jembe."

Unacheka? Mimi sikucheka. Asubuhi yake watu wa nyumba walibomoa mlango wa maji wa katikati wajigawie wenyewe. Watu wa jembe wakaja na fimbo. Kila mmoja akamzuia mwenzake, na mfereji wote ukasimama. Jua la bonde lile hulijui. Vitunguu vilikuwa ndiyo kwanza vinatunga, na majani yake yalianza kulala chini, ya huyu na ya yule, bila kuuliza mwenyewe ni wa alama gani. Hicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Mzee Lohay akaja na mkongojo wake, taratibu. Nilifikiri atawakaripia wavunjaji. Akaja kwangu.

"Safari, umegawa sawa?"

"Nimegawa sawa, mzee."

"Najua. Nimepita nimekagua."

"Basi waambie!"

"Niwaambie mimi? Mgawaji ni wewe. Neno lako limekwenda wapi?" Nikalishusha jembe begani. "Umelimaliza kwenye wimbo," akasema.

Halafu akaketi ukingoni, wenye fimbo na wasio na fimbo wakimzunguka, akasema maneno ambayo sijasikia mbunge akisema mfano wake. "Nilipokuwa tarishi, Bwana Shauri wa boma, yule afisa wa wilaya, alikuwa Mwingereza. Walitukalia kichwani watu wale, sitawasifu. Lakini siku moja redio yake ilitangaza kwamba huko kwao walioshika serikali wameshindwa, wameingia wengine. Nikadhani atafunga mizigo. Akanywa chai yake, akanituma kazi kama ya jana. Nikamuuliza, Bwana, waliokuleta si wameanguka? Akanijibu, mimi sikuletwa na walioanguka wala na waliosimama, nimeletwa na kazi. Nilimtumikia mpaka akaondoka, sikujua moyo wake ulimpenda nani."

Kijana mmoja akapaza sauti: "Mzee, leo unatufundisha ya mkoloni?"

"Mwizi akiangusha shoka shambani kwako, utalitupa kwa kuwa mwenyewe alikuwa mwizi? Pasulia kuni, bwana."

Kisha akanigeukia tena. "Leo hii utabadilishana shamba na Mama Mwajuma. Yeye anapanda juu, wewe unashuka mkiani. Hukubali, nipe hilo jembe nimtafute mwingine. Na mpaka kura zihesabiwe, mdomo wako ni wa kulia ugali."

Mwanangu, vitunguu vyangu kule juu vilikuwa vizuri kuliko vya mtu yeyote. Nilivipanda mwenyewe, nikavipalilia kwa magoti. Kosa langu lipi? Nimeiba? Nimemnyima nani? Lakini nilitazama zile fimbo, nikatazama mama yule alivyokaza shingo, nikaelewa kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia: haki isiyoaminika haimnyweshei mtu shamba. Nilikuwa nimewapa maji nikawanyima uhakika, na mkulima hawezi kulala bila uhakika.

"Hamia, mama," nikamwambia.

Akanikazia macho. "Na wimbo?"

"Umekwisha."

"Haya. Ila jembe lako usiniachie, nina la kwangu."

Mlango uliovunjwa ulijengwa siku hiyohiyo, wa nyumba wakileta mawe, wa jembe wakikanda udongo. Mavuno yangu mkiani yalikuwa ya aibu. Nilikula mihogo ya watu msimu ule. Lakini wakulima walinichagua kugawa maji tena na tena hadi nilipoondoka mwenyewe nikarudi Karatu, na katika chaguzi zote zilizofuata hakuna aliyejua kura yangu imekwenda wapi. Mke wangu aliuliza mpaka akachoka.

Sasa vyama vimekuwa vingi, na kelele ni nyingi zaidi. Usidhani ni kwetu tu. Mwaka jana wageni wa loji waliletwa kutazama kahawa yangu, mmoja ni Mwingereza mzee aliyekuwa karani wa serikali yao maisha yake yote. Nikamwambia, kijana wa loji akitafsiri: "Nasikia redioni mawaziri wakuu wenu wanapishana kama wageni msibani. Nani anaendesha nchi?" Akacheka, akasema ni makarani. Halafu kicheko kikamtoka usoni. Akasema siku hizi huko kwao wanasiasa wakikwama wanamlaumu karani, na wengine wanataka karani wa kuwapigia makofi. Nikamwambia pole, shoka lenu mlilituachia sisi, na sisi nasi tunaliacha mvuani likipata kutu.

Kwa hiyo nakwambia bila kuzungusha. Kuwa na chama ni haki yako. Kipeleke kwenye sanduku la kura, ukifika ofisini kiache nje ya mlango. Mwenyekiti aliyechaguliwa mtii katika yale yaliyo halali, kwa moyo mweupe, hata kama hukumpigia kura. Akikuagiza umnyime mtu haki yake kwa sababu ya upande wake, kataa ukiwa umesimama, kwa adabu, na useme sababu. Usipokee fulana, wala soda ya mkutano. Na ukubali kuwa wa mwisho kupata, maana mtumishi akishiba kwanza, hakuna atakayeamini kwamba chungu kiligawanywa sawa. Watakuchukia? Watakuchukia. Mti wenye matunda ndio hupopolewa.

Veronika hakuvaa. Jumamosi alikwenda na gauni lake la kanisani, akakaa kwenye kiti cha mtendaji, akafanya kazi yake mpaka mwisho. Wale wawili wamemnunia hadi leo, na maneno ya kumhamisha tumeyasikia. Wakimhamisha atakwenda, na huko nako kuna watu wanaohitaji mtendaji. Ila juzi mama mmoja, aliyevaa kitenge cha upande ulioshindwa, alifika ofisini peke yake kuomba apatanishwe na jirani yake kuhusu mpaka. Mwaka jana asingethubutu kukanyaga pale.

Mungu akupe shingo ngumu na ulimi laini. Mvua ikunyeshee wewe na anayekupinga. Ukistaafu, upite sokoni na kila upande ukuite kwa jina lako.

Anayekuombea hayo ni Safari wa Karatu: ekari tatu za kahawa, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya matofali yenye bati, pampu moja ya maji, na watoto sita waliosoma.